Trilioni za Dodoma na Mia Tano ya Bodaboda

Kila mwaka, ikifika katikati ya mwezi wa Juni, nchi yetu hupata wachumi wapya kwa mamilioni. Fundi viatu huacha sindano imekwama ndani ya soli. Mama ntilie hupunguza moto wa maharage ili asikie vizuri. Konda, ambaye siku nyingine hana muda wa kumsikiliza hata abiria anayetaka kushuka, humwomba dereva aongeze sauti ya redio. Kule Dodoma, Waziri wa Fedha amesimama bungeni anasoma hotuba ya bajeti, na huku mitaani watu wote wanasubiri maneno mawili tu: kupanda na kushuka.

Maneno hayo tunayafahamu kama tunavyowafahamu ndugu zetu. Kupanda ni mjomba anayekuja kila mwaka bila kupiga hodi, na akishafika haagi. Kushuka ni shangazi wa mbali ambaye tunaambiwa yupo, ana roho nzuri, na ipo siku atakuja kututembelea.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina shahada ya kwanza, mke, watoto wawili, na mshahara ambao huingia tarehe ishirini na kitu na kutoka tarehe hiyohiyo. Katika somo la Uraia wanafunzi hujifunza kwamba bajeti ni makadirio ya mapato na matumizi ya serikali kwa mwaka wa fedha, ambao kwetu huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Maana hiyo ni sahihi, na ukiiandika kwenye mtihani utapata alama zako. Lakini raia wa kawaida hakutani na bajeti kwenye daftari. Hukutana nayo dukani, kwa wakala wa simu, kwenye mita ya umeme na kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki. Huko ndiko nilikokutana nayo mimi, na nitakusimulia bajeti mbili, ya mwaka 2021/22 na ya mwaka 2022/23, jinsi zilivyopita nyumbani kwangu.

Hotuba ya bajeti ya 2021/22 ilisomwa tarehe 10 Juni 2021. Shule ilikuwa likizo, lakini kambi ya kidato cha nne ilikuwa inaendelea, kwa hiyo walimu wachache tulikuwa ofisini jioni hiyo na redio ndogo yenye antena iliyofungwa kwa waya. Waziri akataja jumla ya bajeti: shilingi trilioni 36.33. Ofisi ikanyamaza. Mwalimu wa Hisabati akachukua chaki akaiandika ubaoni kwa tarakimu, 36,330,000,000,000, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama mtu anayetazama mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza.

"Hii," akasema, "ukipewa kwa noti za elfu kumi, ukahesabu noti moja kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya miaka 115."

Mwalimu wa Kiingereza, ambaye alikuwa bado anasubiri fedha zake za likizo, akasema yeye yuko tayari kuanza kuhesabu leo.

Tulicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na sababu. Trilioni ni namba ambayo akili ya mtu anayenunua nyanya za mia tano haiwezi kuishika. Ndiyo maana raia hasikilizi jumla. Husubiri namba ndogo, zile zinazoweza kuingia mfukoni mwake, na siku ile namba ndogo zilikuwa nyingi.

Ya kwanza ilitufurahisha sana sisi waajiriwa. Kiwango cha chini cha kodi ya mapato ya ajira kilipendekezwa kishuke kutoka asilimia 9 hadi asilimia 8. Shangazi Kushuka amefika! Mtu mmoja akapiga meza. Mwalimu wa Hisabati, ambaye kazi yake duniani ni kupunguza furaha za watu, akarudi ubaoni. Akatueleza kwamba kiwango hicho hutozwa kwenye kile kipande cha mshahara kilicho kati ya shilingi 270,000 na 520,000, yaani kipande cha shilingi 250,000. Asilimia 1 ya 250,000 ni shilingi 2,500.

Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa amepata nafuu ya shilingi 2,500 kwa mwezi. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Akaitazama ile habari kwa heshima yake yote, kisha akauliza kama nataka tuanze na kiwanja au na gari.

Sasa ifuatilie shilingi 2,500 hiyo, kwa sababu ndiyo mhusika mkuu wa habari hii.

Katika hotuba hiyohiyo serikali ilipendekeza kodi ya majengo ikusanywe kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita moja, na shilingi 5,000 kwa kila ghorofa kwa nyumba za ghorofa. Utaratibu huo ulianza tarehe 20 Agosti 2021. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na kaya tano na mita moja. Elfu moja kugawanya kwa tano ni mia mbili, na ungedhani mia mbili haiwezi kuitisha kikao. Iliitisha vikao vitatu. Mpangaji wa chumba cha uani alisema yeye ana taa moja tu, hivyo anastahili kulipia taa moja. Jirani yake akamjibu kwamba kodi hii ni ya jengo wala si ya taa, na kwamba hata yeye analala chini ya bati hilohilo.

Mimi nilitoa hoja ya kisheria: kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba, na serikali yenyewe ilikuwa imeelekeza kwamba mpangaji aliyekatwa kwenye umeme aelewane na mwenye nyumba ili fedha hiyo ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Tukampelekea mzee mwenye nyumba hoja hiyo kwa adabu zote. Mzee alitusikiliza, akatukaribisha hata chai, akakubali palepale. Shilingi 12,000 za mwaka mzima zingerudi kwetu, 2,400 kwa kila kaya. Tulitoka pale tunatembea kama mawakili walioshinda kesi. Mwezi Januari akapandisha kodi ya pango kwa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila kaya.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wataalamu wa uchumi hulieleza kwa kurasa nyingi: anayeandikiwa kodi na anayeibeba kodi si lazima wawe mtu mmoja. Sheria inaweza kumtaja mwenye nyumba, na mwenye nyumba akaushusha mzigo, mpangaji akauokota. Mfanyabiashara naye akitozwa hupandisha bei, na mteja hulipa bila kujua kama amelipa. Mzigo wa kodi hutembea, na kwa kawaida huelekea kwa mtu ambaye hana wa kumpandishia bei. Mwalimu hawezi kupandisha bei ya kipindi cha dakika arobaini.

Basi katika shilingi zangu 2,500, pango lilichukua 2,000. Zikabaki 500.

Mtaani kwetu yupo kijana wa bodaboda ambaye hunipeleka shuleni siku za mvua. Bajeti ile ilimletea habari njema na habari mbaya kwa pamoja. Habari njema ni kwamba faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji ilipendekezwa ipungue kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Alifurahi sana. "Mwalimu," aliniambia, "sasa kwa bei ya kosa moja la zamani napata makosa matatu." Nilimkumbusha kwamba lengo la serikali halikuwa kumpa punguzo la jumla. Habari mbaya ni kwamba petroli na dizeli ziliongezewa shilingi 100 kwa kila lita, fedha ambazo zilikusudiwa zisaidie barabara za mijini na vijijini.

Kesho yake nauli ya kwenda shuleni ilikuwa imepanda kwa shilingi 500. Nikamweleza kwamba lita imepanda kwa mia moja, na safari yangu haili hata robo lita. Kwa hesabu hiyo nilipaswa kuongezewa shilingi 25. Kijana alinisikiliza kwa subira, kama ninavyowasikiliza wanafunzi ambao hawajafanya zoezi, kisha akasema, "Ni kweli kabisa, mwalimu. Ila chenji ya ishirini na tano sina."

Na mtaani hakuna mwenye chenji hiyo. Bei ikipanda kwa shilingi chache kiwandani au bandarini, ikifika kwetu huwa imekwishapanda hadi kwenye sarafu kubwa iliyo karibu. Duka la mtaani halina mizani ya kupima nyongeza ndogo, na kila anayepokezana bidhaa huongeza kidogo chake njiani. Kwa safari moja ya asubuhi yenye mvua, shilingi 500 iliyobaki ikawa imekwenda. Nafuu yangu ya kodi ikaisha.

Mpaka hapo ilikuwa habari ya kuchekesha, na niliisimulia hivyo kwa muda mrefu. Lililofuata sikulicheka kwa urahisi.

Mama yangu anaishi kijijini na ana shinikizo la damu. Kila mwezi hutakiwa kwenda kliniki kuchukua dawa, na mimi humtumia fedha kwa simu. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza. Ilikuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kulingana na kiasi cha fedha, na ilikatwa wakati wa kutuma na tena wakati wa kutoa, juu ya makato ya kawaida ya kampuni za simu. Nilituma kiasi kilekile cha siku zote. Jioni mama akapiga.

"Mwanangu, hela imefika," akasema, "lakini imefika imekonda. Ilikuwa inaumwa?"

Nilicheka hadi machozi, naye akacheka. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba dawa amepata, ila nauli ya kurudi haikutosha, hivyo alirudi kwa miguu. Kutoka kliniki hadi nyumbani ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima mwenye afya.

Nilikaa na simu mkononi baada ya mazungumzo yale kwisha. Serikali ilikuwa imeeleza kwamba fedha za tozo zitakwenda kwenye huduma za jamii, zikiwamo vituo vya afya na madarasa. Yaani mama yangu alikuwa ametoa nauli ya kutoka kituo cha mbali ili kijengwe kituo cha karibu. Ukilitazama jambo hilo kwa macho ya mhasibu lina mantiki kamili. Ukilitazama kwa miguu ya mama yangu, mantiki hiyo ina vumbi jingi. Hapo niliona kwamba bajeti huuliza swali gumu kuliko lile la nini kimepanda na nini kimeshuka. Huuliza nani atoe leo, kiasi gani, ili nani apate kesho, na kama yule anayetoa leo anaweza kungoja hiyo kesho.

Nchi nzima iliuliza swali hilo, na kama kawaida yetu iliuliza kwa mizaha. Watu walisema kwamba sasa tutarudi enzi za kumkabidhi dereva wa basi bahasha. Wengine kwetu walifanya hivyo kweli. Jirani yangu alimtumia baba yake fedha ndani ya gunia la mkaa, na baba alipopiga simu kuuliza zilipo, ikabidi mkaa wote umwagwe uani. Wakala wa mtaani kwetu, ambaye zamani kibanda chake kilikuwa na foleni, sasa alikuwa na muda wa kucheza bao. Lakini ndani ya mizaha ile kulikuwa na hesabu. Mtu alikuonyesha ujumbe wa muamala, akakutajia alichotuma, kilichokatwa na kilichofika, kwa shilingi kamili. Hakuwa anapiga kelele tu. Alikuwa na ushahidi.

Na hesabu hiyo ilisikika. Mwezi huohuo wa Julai Rais alielekeza suala hilo lifanyiwe kazi, na mwezi Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Katika miaka iliyofuata ilizidi kupunguzwa. Haikupungua kwa sababu raia walinuna majumbani mwao. Ilipungua kwa sababu walisema, na walichosema kilikuwa na namba ndani yake.

Hapa niseme neno kuhusu Bunge, kwa kuwa watahiniwa wengi hudhani kazi ya bajeti huisha Waziri anapokaa chini. Ibara ya 138 ya Katiba yetu inaeleza kwamba kodi haitozwi isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Kwa hiyo yote anayosoma Waziri siku ile ni mapendekezo. Wabunge huyajadili kwa siku kadhaa, kisha huitwa jina mmoja baada ya mwingine na kupiga kura ya wazi, na baadaye hupitishwa Sheria ya Fedha, ambayo ndiyo huhalalisha kodi mpya. Katika siku hizo pendekezo linaweza kurekebishwa. Lakini Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge iwapo litakataa kupitisha bajeti. Sasa mvae viatu mbunge aliyechaguliwa Oktoba 2020, ambaye Juni 2021 anasikia jina lake likiitwa. Akisema "hapana", na wenzake wengi wakisema hivyo, huenda akarudi jimboni kuomba kura upya kabla hata rangi ya mabango ya kwanza haijapauka. Unaweza kuelewa kwa nini neno "ndiyo" hutamkika kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana pia sauti ya raia ina kazi mapema, wakati mapendekezo bado ni mapendekezo.

Mwaka uliofuata, tarehe 14 Juni 2022, hotuba ya 2022/23 ilisomwa. Bajeti sasa ilikuwa trilioni 41.48. Miezi miwili baadaye tukahesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi, na matokeo yakaonyesha tuko watu 61,741,120. Niligawanya trilioni zile kwa watu hawa, nikapata takribani shilingi 672,000 kwa kila mmoja, mzee na kichanga. Kaya yangu ina watu wanne. Nikamwambia mke wangu kwamba, kwa hesabu ya kawaida, sehemu yetu katika bajeti ni zaidi ya shilingi milioni mbili na laki sita, na nikamuuliza zipo wapi.

Hakuinua hata macho kwenye mchele aliokuwa akichambua. "Nyingine ni mshahara wako," alisema. "Nyingine ni barabara unayopita, dawa za mama na chanjo za watoto. Na kama unataka tugawane bajeti kwa kichwa, tugawane na deni la taifa kwa kichwa hichohicho."

Deni la taifa linazidi bajeti ya mwaka mzima. Niliacha kudai.

Lakini ndani ya bajeti hiyo kulikuwa na mstari mmoja unaokuhusu wewe unayejiandaa kumaliza kidato cha nne. Serikali ilipendekeza kufuta ada kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita katika shule za umma, baada ya ada kufutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016. Wiki hiyohiyo mzazi mmoja alikuja ofisini na fomu ya kujiunga ya mwanawe aliyechaguliwa kidato cha tano. Alikuwa ameshauza mbuzi wawili kwa ajili ya ada. Mwalimu mwenzangu alipompa habari ya Dodoma, mzee alifurahi, kisha akafikiri kidogo, akauliza kwa sauti ya mtu anayeheshimu taratibu: "Sasa mbuzi wangu nawadai wapi?"

Tulicheka sote, mzee akiwa wa kwanza. Halafu tukafungua ile fomu. Godoro lilikuwamo. Sare mbili, ndoo, viatu vyeusi, rimu ya karatasi, shuka na nauli ya kwenda mkoa mwingine navyo vilikuwamo. Mbuzi wawili wakajumlishwa upya na wakatosha kwa shida. Mzee alikunja fomu yake akasema, "Kumbe mbuzi hawakufa bure. Ila wangekuwa wawili pamoja na ada, mtoto angebaki nyumbani."

Kauli hiyo ndiyo tathmini bora ya bajeti niliyowahi kuisikia. Mzee hakusema kwamba serikali imemaliza shida zake, wala hakusema kwamba haikufanya kitu. Aliweka pembeni kilichoondolewa, akaweka pembeni kilichobaki, akapima tofauti kwa mbuzi. Mtoto wake alikwenda shule.

Na kituo cha afya? Kilijengwa kimoja katika kata jirani na kijiji cha mama, na safari yake ya kliniki ikapungua karibu nusu. Anapokwenda husema anakwenda kuangalia zile shilingi zake kama bado zimesimama. Zipo miezi ambayo dawa yake haipatikani, na hurudi mikono mitupu. Akinipigia siku hizo huwa hakuna utani. Jengo ni mstari mmoja wa bajeti na dawa ni mstari mwingine, na mgonjwa anahitaji mistari yote miwili siku moja.

Wapo wanaosema kwamba mambo ya bajeti ni ya wakubwa. Si kweli. Ukinywa soda wakati wa mapumziko, ndani ya bei yake mna ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Umekwishachangia barabara na mshahara wa mwalimu wako, na hakuna aliyekuuliza kitambulisho. Anayechangia ana haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi, na ana wajibu wa kuuliza kwa namna itakayomfanya aliyeulizwa ashindwe kukwepa.

Hotuba ijayo ya bajeti itakapokukuta umemaliza mtihani, kaa karibu na redio ukiwa na kalamu na karatasi. Trilioni ziache zipite. Waachie wenye miaka 115 ya kuhesabu. Chukua namba ndogo tatu au nne zinazoigusa nyumba yenu. Kwa kila moja andika nani anatoa, nani anapata, na baada ya muda gani. Muulize mama bei ya mafuta ya kula ya mwezi uliopita, kisha muulize tena mwezi Agosti. Ukiona tofauti, icheke kama unaweza, kwa kuwa kicheko nacho hutusaidia kuishi. Lakini iandike. Na dereva wa bodaboda akikuongezea mia tano kwa ajili ya mia moja ya lita, mwonyeshe karatasi yako. Chenji hatakuwa nayo, lakini atajua kwamba safari hii amempakia mtu anayejua hesabu.